Mama Benite Hanywi Maji Kwanza

Mimi wifi yangu huyu nampenda, lakini ananichosha. Niseme hivyo mapema, asije mtu akadai Annick anamsifu mke wa kaka yake kwa sababu anakula kwake. Nakula kwake, ndiyo, na sombe yake haina mpinzani katika mtaa wetu wote wa Mutakura. Lakini kunichosha, ananichosha.

Jina lake Léocadie. Mtaani tunamwita Mama Benite, kwa mtoto wake wa kwanza. Ni Mushi wa Bukavu, Kongo, mfupi, mwenye mikono minene, maana mikono hiyo imetwanga sombe tangu ujana wake. Siku hizi wenzake wanapeleka majani ya muhogo kwenye mashine. Yeye bado ana kinu chake pale sokoni, na wateja wanamsubiri huku mashine inanguruma bure pembeni. Mume wake ni kaka yangu Destin, mchomeleaji wa milango na madirisha. Mimi ni msusi, nakaa chumba cha nyuma katika uwanja huohuo, kwa hiyo hapa nyumbani hakuna kinachonipita.

Sasa, kinachonichosha ni hiki. Mama Benite ana agano na Mungu. Si agano la kanisani la kusimama mbele na kupigiwa makofi. Ni lake mwenyewe, alilifanya jikoni, na mimi nilikuwepo.

Alipoingia Burundi akikimbia vita, mwanamke aliyempokea alikuwa mzee mmoja wa Buterere, Mama Namegabe. Alimpa mkeka, akampa sahani, akamwonyesha njia ya soko. Miaka ikapita, Mama Benite akaolewa na kaka yangu, akahamia huku kwetu. Halafu mvua moja kubwa ikapiga Buterere, maji yakaingia mpaka kwenye vitanda vya watu. Mama Benite akasikia moyoni: mpelekee Mama Namegabe blanketi. Akasema, nitaenda. Leo soko, kesho kwaya, keshokutwa mtoto ana homa, wiki kesho basi. Alipofika huko na blanketi kichwani, alikuta watu wamekaa nje kwenye viti vya kukodi, kimya. Yalikuwa matanga.

Alirudi na blanketi lilelile. Nilikuwa jikoni kwake nikichambua maharage. Aliliweka chini, akalia mpaka nikaogopa, kisha akafuta uso kwa kitenge, akasema: “Annick, we ni shahidi. Kuanzia leo Mungu akinionyesha jambo, sinywi maji kabla sijalifanya.”

Nilidhani ni uchungu tu, utapita. Weee! Haujapita mpaka leo.

Siku moja nilikuwa namsuka. Nimefika katikati ya kichwa, upande wa kulia umelala vizuri kabisa, upande wa kushoto umesimama wima kama umeona polisi. Ghafla akanishika mkono. “Ngoja. Asubuhi nilimjibu vibaya yule mama wa nyanya.” Nikamwambia, wifi, nimalize basi. Akasimama! Akatoka na kichwa chake nusu, akapita barabara nzima ya soko, watu wanacheka, watoto wanamfuata, akaenda kumwomba mama wa nyanya msamaha. Mama wa nyanya mwenyewe alikuwa ameshasahau. Nilipomuuliza, “Hivi Mungu wako hana subira hata ya nusu kichwa?” alinijibu, “Mungu anayo, wifi. Mi ndiye nasahau.”

Basi utamwambia nini mtu kama huyo?

Lakini ya kichwa ilikuwa mchezo. Nataka kusimulia ya sufuria.

Wamama wa kwaya ya kanisa letu walichanga wakanunua sufuria moja kubwa sana, ya kupikia sherehe. Mtu mzima anaweza kukaa ndani. Tuliipa jina Mama Mukubwa, na inatunzwa kwa Mama Benite, kwa sababu kila mtu anajua kwake kitu hakipotei. Upande wa pili wa ukuta wetu anakaa Sijaona, mke wa Seifu fundi wa magari. Sijaona ni Mwislamu, mtoto wa Buyenzi kabisa, anayejua kupika pilau mpaka mtaa ukose usingizi. Yeye na Mama Benite walizaa wakati mmoja. Benite wetu na Houda wao walinyonya, nathubutu kusema, kwa zamu, ikiwa mama mmoja yuko sokoni. Kila Idi, Sijaona anaazima Mama Mukubwa. Mara ya kwanza kabisa alipoiomba, aliuliza kwa aibu, “Mama Benite, samahani, mumeshaipikia nguruwe?” Na wifi yangu akamjibu, “Apana. Na haitapikiwa. Nakupa neno langu.” Tangu hapo wamama wa kwaya wakitaka kupika nguruwe, wanatafuta sufuria nyingine. Wengine walinung'unika, nikiwemo mimi, maana nguruwe ya kuchanganya na ndizi haipikiki vizuri kwenye visufuria vya kuchezea. Yeye hakujali.

Basi Houda akapata mchumba, Khaled, kijana mpole wa Buyenzi. Arusi ikapangwa Jumapili, chakula kwa mama wa bibi arusi. Jumamosi jioni Sijaona akatuma vijana wakabeba Mama Mukubwa. Sisi hatukuwaza lolote.

Jumapili asubuhi nilikuwa mezani kwa wifi yangu nikinywa chai. Yeye alikuwa ameshavaa sare ya kwaya, gauni jeupe lililopigwa pasi mpaka linasimama lenyewe. Siku hiyo alitakiwa kuongoza wimbo ibada ya pili, kisha arudi haraka kumsaidia Sijaona. Alikuwa na kikombe mkononi, hajanywa bado. Moshi wa jiko la arusi ulikuwa unaingia kwetu kupitia juu ya ukuta. Destin akanusa, akauliza tu, kama mtu anayeuliza habari za hewa:

“Mama Mukubwa iko wapi? Haiko pale nyuma.”

“Iko kwa Mama Houda tangu jana,” mke wake akajibu. “Wanaipikia pilau.”

Destin akaacha kutafuna.

“Ile?”

“Kwani iko ingine?”

Kaka yangu akakuna shingo. Ninamjua tangu tumbo la mama yetu. Akikuna shingo, kuna kitu. “Sasa unaona,” akaanza, “ulipokuwa Uvira kwenye matanga ya mujomba wako... mutoto wa mwenzetu wa kazini alibatizwa... vijana wakaomba mahali pa kupikia. Tukapika ndizi.”

“Ndizi na nini?”

“Ndizi na nyama.”

“Nyama gani, Destin?”

Hapo nikajua. Katika nyumba hii yeye ni Baba Benite. Ukisikia mke wake anamtaja jina kavu hivyo, tafuta mlango.

“Nguruwe,” Destin akasema kwa sauti ya mtoto wa shule. “Lakini niliiosha! Na sabuni ya unga, mara mbili! Inang'aa kuliko ulivyoiacha!”

Chai ilinipalia. Nilikohoa mpaka machozi. Nilipopata pumzi, nilimwona wifi yangu ameshika kikombe karibu na mdomo na hanywi. Nikasema moyoni, yebaba we, leo tumekwisha.

“Wifi,” nikamwambia, “kaa chini. Nisikilize. Heri nusu shari kuliko shari kamili. Wale hawajui kitu, na asiyejua Mungu hamuhesabii. Ukienda pale unaharibu arusi ya mutoto wa watu. Ukikaa hapa, nani anaumia?”

“Mi najua,” akasema. “Na nilimupa neno langu.”

“Neno hukulivunja we, amelivunja huyu hapa.” Nikamwonyesha kaka yangu, ambaye alikuwa anataka kuingia chini ya meza. “Subiri basi wamalize kula, wafurahi, utamwambia wiki kesho.”

Aliniangalia. “Mama Namegabe nilimwambia wiki kesho.”

Akaweka kikombe mezani, kimejaa vilevile, akatoka. Hata kandambili alivaa zisizofanana. Nilimfuata mbiombio. Nisiseme uongo, sikumfuata kwa wema, nilitaka kuona.

Uwanja wa Sijaona ulikuwa umejaa wanawake na mashungi ya rangi. Nyama ilikuwa inachemka kwenye sufuria zake mbili mwenyewe. Mama Mukubwa ilikuwa juu ya mafiga, mafuta yamepata moto, vitunguu vinaanza kugeuka rangi, na Sijaona amesimama na mwiko mrefu kama kapteni. Mchele ulioshwa ulikuwa tayari kwenye mabeseni, na sufuria nyingine mbili za wali zikisubiri zamu. Pembeni, juu ya kiti cha peke yake, alikuwa amekaa Mama Khaled, mama wa bwana arusi, mikono ina hina mpaka kwenye viwiko, amekuja na sanduku la nguo za bibi arusi na macho ya kukagua kila kitu. Huyo ndiye Sijaona aliyekuwa anamwogopa. Wiki nzima alikuwa anatuambia, huyu mama akikuta unywele mmoja kwenye wali, mwanangu atausikia miaka kumi.

Sasa mtu mwingine angeita mwenzake kwa upole, angemnong'oneza sikioni. Wifi yangu? Aliingia mlangoni akapaza sauti:

“Mama Houda, usitie muchele! Sufuria imepikiwa nguruwe! Mi sikujua, nimejua sasa hivi!”

Mwiko ulibaki hewani. Shangazi mmoja akasema, “Astaghfirullah.” Mwingine aliyekuwa anaonja vitunguu akatema upande wa ukuta. Mama Khaled akasimama polepole.

“We umesema nini?” Sijaona akauliza.

Mama Benite akarudia, na ya pili ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza, maana ya pili kila mtu alikuwa anasikiliza. “Nilipokuwa Uvira, kwangu walipika nguruwe ndani yake. Nilikupa neno langu, na neno limevunjikia nyumbani kwangu. Nisamehe.”

Sijaona alishusha mwiko, akamkaribia, akasema kwa sauti ya chini ambayo mimi niliisikia kwa sababu nilikuwa nyuma ya mgongo wa wifi yangu. “Ungenivuta pembeni. Sha, Mama Benite. Ungenivuta pembeni tu.” Akamtupia jicho Mama Khaled. “Mbele ya mama mukwe wa mutoto wangu? We wa kunifanyia hivi?”

Wifi yangu akafungua mdomo.

“Rudi kwako,” Sijaona akasema, akamgeuzia mgongo.

Tulirudi. Mama Benite aligeuza kinu chake cha akiba, akakikalia pale nyuma ya nyumba, akalia na sare yake nyeupe. Kengele ya ibada ya pili ikalia pia, hakuna aliyeondoka. Mimi nilikuwa nimekasirika vibaya. Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia Sijaona, na kaka yangu nilimkasirikia mara mbili.

“Umeona sasa?” nikamwambia. “Haraka haraka haina baraka. Umepata nini?”

“Mama Houda amesema kweli,” akajibu. “Nilikimbia kulitoa neno, sikufikiri uso wake. Mbele ya wakwe, Annick. Ningekuwa mi, ningelia.”

“Bon. Umetii, umelia. Kunywa chai yako basi.”

“Apana. Haijaisha.”

“Nini tena kimebaki?”

“Sijui. Lakini haijaisha.”

Nilitaka kumpiga na mwiko. Midomo yake ilikuwa imekauka, jua la Bujumbura nalo halina undugu. Lakini ukuta wetu ni mfupi, na upande wa pili mambo yalikuwa yanaendelea, kwa hiyo nikanyamaza nisikie.

Walikuwa wamemwita Ilias, kaka mkubwa wa Seifu, anayesomesha watoto Kurani. Mtu mtaratibu, haongei mpaka amalize kufikiri. Akasema mafuta na vitunguu vimwagwe. Sufuria ioshwe mara saba, na mara moja kati ya hizo kwa udongo safi uliochanganywa na maji. Ndivyo walivyofundishwa na walimu wao. Ikishaoshwa hivyo, ni sufuria kama sufuria nyingine. Wanawake wakashusha pumzi, nikadhani yamekwisha. Ndipo sauti ya Mama Khaled ikatoka, nzito, ya mtu asiyezoea kukatishwa.

“Na hizi zingine mbili za wali, zimetoka wapi?”

Za kuazima, wakamjibu. Moja ya Irène, moja ya Lisette, majirani.

“Wakristo?”

“Ndiyo, mama.”

Irène na Lisette walikuwa palepale wakimenya viazi. Wakaanza kuapa wote wawili kwa pamoja, haki ya Mungu, nife, niwe kipofu. Mama Khaled akawaacha wamalize.

“Viapo nimesikia vingi,” akasema. “Katika mutaa huu mutu mumoja tu ameniambia jambo bila kuulizwa, na mumemurudisha kwake. Muiteni. Yeye akiniambia sufuria hizi ni safi, nitakula, na watu wangu watakula. Asiposema, nakunywa soda yangu, narudi Buyenzi.”

Mimi na kaka yangu tukatazamana. Sijaona hakuja kuita. Aliyekuja ukutani ni Houda mwenyewe, bibi arusi, kichwa kimefungwa kitambaa ili mapambo yasiharibike, mikono ameinyoosha mbele hina isifutike. Uso wa mtoto ulikuwa umejaa hofu.

“Mama Benite,” akasema, “mama mukwe anakuita. Njoo, tafadhali. Njoo mama yangu.”

Wifi yangu alisimama kabla mtoto hajamaliza. Aliingia jikoni kwetu, akaanza kutoa mabidoni ya maji. Hapo nikashtuka. Wiki hiyo bomba lilikuwa limekauka, na maji yale ndiyo tuliyokuwa tumebakiza, ya kupika, ya kuoga, ya kila kitu. “Yote?” nikauliza. “Mara saba, Annick,” akasema, “na ni sufuria kubwa.” Kisha akamgeukia kaka yangu. “Baba Benite, chukua jembe. Udongo safi, chini ya migomba pale nyuma, mahali hapakanyagwi. Uchimbe mwenyewe, uulete mwenyewe.”

Destin akachukua jembe. Vijana wenzake wa kazini walikuwa wanapita, walewale wa ndizi na nyama, wakamwona anachimba kwa shati la Jumapili, wakauliza anapanda nini. Akaendelea kuchimba. Nilifurahi mpaka nikasahau hasira.

Basi tukarudi kwa Sijaona na udongo, na maji, na aibu yetu. Sijaona alikuwa anakata vitunguu vipya, ametupa mgongo. Mama Benite akamsalimu Mama Khaled kwa adabu, kisha akaenda moja kwa moja kwa Irène.

“Irène, dada yangu, siulizi kwa ubaya. Sufuria yako, imepikiwa nguruwe?”

“Si nimeshaapa!”

“Nimesikia. Nakuuliza tena, polepole.”

Irène akamwangalia. Akaangalia sufuria. Akaangalia viazi vyake. Mimi nasema mtu akikuangalia na macho yale ya Mama Benite, yasiyokuhukumu, uongo unakosa pa kukaa.

“Bon,” Irène akasema. “Noeli tu. Kidogo.”

Yebaba we! Uwanja mzima ukalipuka. Wanawake walicheka mpaka wakashikana mabega. Irène akajifunika uso na aproni, anasema, “Kidogo, jamani, kidogo sana!” Hata Mama Khaled aliziba mdomo na kanga, mabega yakawa yanamtikisika. Lisette yeye akainuka kwa kiburi chake chote. “Mimi ni Musabato,” akatangaza. “Nguruwe kwetu hata jina lake halipiti mezani.” Na Mama Benite akathibitisha, kweli, amewahi kumpelekea chakula akakirudisha.

Wakamwaga mafuta. Sufuria zikalazwa, ya kwetu na ya Irène. Wifi yangu akapandisha mikono ya ile sare nyeupe, akapiga magoti, akaanza. Udongo wa Destin ulikuwa mwekundu na laini. Aliupaka ndani yote, mpaka kwenye kingo na mishikio, akisugua na mikono yake ya kinu, na matone mekundu yakaruka kifuani kwenye gauni. Ilias alisimama mbali ametazama barabarani kwa heshima, anahesabu kwa sauti. Mimi nilikuwa namimina maji. Mgongo uliniuma, nikampa Irène bidoni, maana yeye alikuwa na deni. Tulipofika ya mwisho, mkono wenye hina ulikuja ukachukua bidoni kutoka kwa Irène. Mama Khaled alimimina mwenyewe.

Alipomaliza, akainama akatazama ndani ya Mama Mukubwa.

“Sasa?” akauliza.

“Sasa ni safi, mama,” Mama Benite akajibu. “Hii, na ya Irène, na ya Lisette. Nasema mimi.”

“Pikeni,” Mama Khaled akasema, akarudi kitini. Kisha, kama mtu anayeongea na kanga yake, akaongeza: “Kama ungemwambia pembeni, yangenifikia tu siku moja. Mutaa huwa haufichi. Ningesema, nyumbani kwa Sijaona wananificha mambo. Sasa sitasema.”

Nilimtupia jicho Sijaona. Mikono yake ilikuwa imesimama juu ya kitunguu. Alisikia.

Moto ukawashwa tena. Mafuta mapya, vitunguu vipya, na baada ya muda harufu ya pilau ikaanza kutembea mtaani kutafuta watu. Watu wakarudi kuongea, shangazi mmoja akapiga kigelegele cha kujaribu sauti. Kila kitu kilikuwa kinarudi mahali pake, isipokuwa wale wawili. Sijaona alikuwa kwenye mafiga, wifi yangu amesimama pembeni, ana udongo mpaka kwenye viwiko, na hakuna aliyemtazama mwenzake. Msichana mmoja akamletea Fanta. Akatikisa kichwa, “Asante, mutoto wangu. Bado.” Nilitaka kulia. Tangu asubuhi! Kwa jua lile!

Kisha nilimwona anavuta pumzi. Akaenda kwenye mafiga, akamshika Sijaona mkono, na safari hii hakupaza sauti. Alimvuta pembeni. Wakazunguka nyuma ya nyumba, pale Sijaona anapoanika nguo.

Sasa nilishasema hakuna kinachonipita. Hili lilinipita. Nilisogea mpaka kwenye kona, nikajifanya naokota kuni, lakini waliongea chini sana. Niliona tu mgongo wa Mama Benite na uso wa Sijaona juu ya bega lake. Uso ule ulikuwa umefungwa. Wifi yangu akaendelea kuongea, na udongo mikononi mwake ulikuwa umekauka, unadondoka vipande akinyoosha vidole. Halafu Sijaona akasema kitu kifupi, akamwacha pale, akaingia ndani.

Nikasema, haya, basi, urafiki wa watoto walionyonya pamoja umeishia kwenye kamba ya nguo.

Sijaona akatoka. Alikuwa ameshika bilauri, moja ya zile za kioo zenye mstari wa dhahabu alizonunua kwa ajili ya wakwe, ambazo alitukataza hata kuzipangusa. Ndani kulikuwa na maji. Alikuwa jirani wa wifi yangu kwa miaka hiyo yote, ukuta ule ni mfupi kwake pia. Alikuwa analijua agano. Akazungushia kitambaa bilauri isiteleze, akamkabidhi kwa mikono miwili, mbele ya wote, mbele ya Mama Khaled.

“Kunywa, Mama Benite,” akasema. “Umemaliza.”

Mama Benite akashika bilauri ile na mikono yake ya udongo, akanywa yote bila kupumzika, mengine yakamtelemka kidevuni. Alipomaliza alicheka, na Sijaona akacheka, akampangusa kidevu na ncha ya shungi lake, kisha akamsukuma, “Haya, shika mwiko, unafikiri nitapika peke yangu?” Wifi yangu aliongoza wimbo siku hiyo, lakini haukuwa wa kanisani. Vilikuwa vigelegele vya kumpokea Houda alipotoka ndani, na kiitikio kilikuwa Buyenzi yote.

Mimi nililia. Haya, nimesema. Kisha nikaenda nyumbani kumwaga ile chai ya asubuhi na kuosha kikombe, nikakuta hatuna maji hata tone, nikarudi kwa Sijaona kuazima.